Kupunguzia Miti si Kufyeka Msitu: Kinga ya Moto kwa Kata Zinazopakana na Mlima

Mwananchi wa Tarakea anayepita kando ya Shamba la Miti Rongai wakati wa kazi za msimu huenda akakutana na jambo la kumshangaza. Misindano iliyosimama wima, mibichi, isiyo na ugonjwa unaoonekana, inaangushwa. Mmoja unakatwa, wa jirani yake unaachwa. Matawi ya chini ya miti iliyobaki yanapogolewa hadi kimo kinachopita kichwa cha mtu, na vichaka vilivyoota katikati ya mistari vinafyekwa. Mwananchi huyo amefundishwa tangu shule ya msingi kwamba akataye mti huukausha mlima. Ni haki yake kuuliza: imekuwaje leo miti ikatwe mchana kweupe, tena na wasimamizi wa msitu wenyewe?

Swali hilo linastahili jibu kamili, kwa sababu linawagusa wakazi wa kata zote za Rombo zinazopakana na msitu. Kazi inayoonekana hapo huitwa kupunguzia miti. Pamoja na faida zake kwa ukuaji wa mbao, kazi hiyo ni mojawapo ya njia za kuaminika za kupunguza ukali wa moto katika misitu ya kupandwa. Hata hivyo ina mipaka yake. Kuna mahali inapofaa na mahali isiporuhusiwa kabisa, na isipokamilishwa vizuri huweza kuongeza hatari iliyokusudiwa kuondolewa. Makala haya yanaeleza mambo hayo, na pia yale ambayo kila kaya inaweza kuyafanya kwenye kihamba chake.

Mlima unaoungua

Moto si jambo geni kwenye Mlima Kilimanjaro. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka katika eneo la Whona, ambako wapanda mlima wanaotumia njia ya Mandara na Horombo hupumzika. Ulienea katika uoto wa juu ya msitu na kuendelea kwa siku nyingi, huku mamia ya watu, wakiwamo askari wa hifadhi, wanafunzi na wananchi wa vijiji vya jirani, wakipanda kwenda kuukabili. Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Oktoba 2022, moto mwingine uliwaka karibu na kambi ya Karanga. Mioto yote miwili ilitokea mwezi Oktoba, mwishoni mwa kiangazi kirefu, wakati nyasi na vichaka vya erika vimekauka na mvua za vuli hazijaanza kunyesha sawasawa.

Hasara ya moto wa mlimani haiishii kwenye majivu. Mtafiti wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alieleza katika andiko lake la mwaka 2005 kwamba mioto imeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita tangu mwaka 1976. Alionya kuwa upotevu wa msitu huo una madhara makubwa kwa mlima kuliko kuyeyuka kwa theluji ya kileleni, ingawa theluji ndiyo inayozungumzwa zaidi. Sababu yake ni maji. Miti ya ukanda wa mawingu, pamoja na kuvumwani na mimea mingine inayoshikilia matawi yake, hunasa unyevu wa ukungu na kuudondosha ardhini hata siku ambazo mvua hainyeshi. Rombo ina mito michache ya kudumu, na wakazi wake wanaifahamu vyema thamani ya chemchemi moja. Hata Ziwa Chala, lisilo na mto unaoonekana ukiingia ndani yake, hulishwa na maji yanayopita chini ya ardhi kutoka mlimani.

Ni vyema ieleweke mapema kwamba kupunguzia miti katika shamba la miti kusingeizuia mioto ya mwaka 2020 na 2022, kwa kuwa ile ilianzia juu, ndani ya hifadhi. Kazi inayozungumzwa hapa inahusu moto wa aina nyingine: ule unaoanzia chini, mpakani mwa mashamba na msitu, na kupanda, au ule unaoanzia kwenye shamba la miti na kutishia nyumba za watu. Huo ndio moto ambao wananchi wa kata za mpakani wanaweza kuupunguzia nguvu kwa mikono yao.

Moto hula nini

Ili moto uwake unahitaji vitu vitatu kwa pamoja: joto la kuuwasha, hewa, na kitu cha kuunguza. Joto linaweza kuletwa na kipande cha sigara, mwenge wa mrina asali, tanuri la mkaa, au moto wa kuandaa shamba ulioachwa bila mlinzi. Hewa haizuiliki. Kitu ambacho binadamu anaweza kukipunguza kabla ya moto kufika ni hicho cha tatu, yaani uoto mkavu ambao moto huula.

Katika msitu uoto huo hukaa katika tabaka tatu. La kwanza ni la ardhini: sindano za misindano zilizodondoka, majani makavu, nyasi na vijiti. La pili ni la katikati: vichaka, miche iliyojiotea, mimea inayotambaa na matawi ya chini yaliyokufa lakini bado yameshikilia shina. La tatu ni la juu: vilele vya miti vyenye majani mabichi.

Moto ukiwaka katika tabaka la kwanza peke yake, ndimi zake huwa fupi. Watu kumi wenye matawi mabichi, majembe na mapanga wanaweza kuusogelea, kuupiga na kuuzungushia mstari wa udongo mtupu. Hatari huanza pale tabaka la pili linapokuwa zito. Vichaka na matawi makavu huwa ngazi ambayo moto huikwea kutoka ardhini hadi vileleni. Ukishafika huko huruka kutoka kilele hadi kilele, hasa miti inapokuwa imesongamana. Moto wa vileleni hausogeleki kwa mikono. Joto lake humfukuza mtu akiwa mbali, na cheche zake hubebwa na upepo na kuangukia mbele, kwenye paa, zizi au rundo la mabua.

Kupunguzia miti na kupogoa matawi kunalenga mambo mawili: kuiondoa ngazi hiyo, na kuvitenganisha vilele ili moto usipate daraja la kupitia. Moto unaweza bado kuingia katika shamba la miti lililohudumiwa vizuri. Tofauti ni kwamba utabaki chini, ambako watu wanaweza kuuzima.

Mteremko na upepo

Mkazi wa tambarare na mkazi wa mlimani hawakabiliani na moto wa namna moja. Kwenye mteremko, ndimi za moto unaopanda huinamia uoto ulio mbele yake, zikaukausha na kuupasha joto kabla hata haujaguswa. Wazima moto wa misitu hukadiria kuwa kasi ya moto unaopanda huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za mwinuko. Ndiyo maana moto mdogo wa kuchoma mabua, ulioonekana umetulia chini ya shamba, huweza kufika mpakani mwa msitu kabla ya aliyeuwasha kupata wa kumsaidia.

Upepo nao una ratiba yake. Mchana jua linapopasha miteremko, hewa hupanda kuelekea mlimani na kuusukuma moto juu. Usiku hewa iliyopoa hushuka. Moto ulioonekana jioni ukielekea msituni unaweza usiku kuanza kurusha cheche upande wa vijiji. Kwa sababu hiyo hakuna anayepaswa kulala akiamini kuwa moto umekwisha kwa kuwa tu umepanda mbali na nyumba yake.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Miti ya kupandwa huanza maisha yake ikiwa mingi kwa makusudi. Ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, hekta moja hubeba miche 1,111, sawa na takriban 450 kwa ekari. Wingi huo huilazimisha miti kukua wima ikitafuta mwanga. Lakini kadiri inavyokua, matawi hugusana, mwanga hauifikii sehemu ya chini, matawi ya chini hufa na kukauka, na miti dhaifu hubaki imesimama ikiwa nusu hai. Shamba la namna hiyo likiachwa bila huduma hugeuka ghala la kuni lililopangwa wima.

Hatua ya kwanza ya huduma ni palizi miche ikiwa midogo. Katika mashamba ya miti ya Kilimanjaro, wananchi wamekuwa wakigawiwa maeneo ya kulima mazao ya muda mfupi kama viazi, maharage na karoti katikati ya miche. Mkulima anapopalilia mazao yake huwa anaondoa pia magugu ambayo yangekauka na kuwa chakula cha moto. Ni mpango wenye faida pande zote mbili, kwa sharti moja: mkulima asisafishe eneo lake kwa kiberiti.

Hatua ya pili ni kupogoa. Matawi ya chini hukatwa karibu na shina, kwanza hadi kimo ambacho mtu anaweza kupita wima, kisha juu zaidi miti inapokuwa mirefu. Mti mchanga hauachwi na kichwa kidogo mno. Kanuni ya kawaida ni kutopogoa zaidi ya nusu ya urefu wake.

Hatua ya tatu ndiyo kupunguzia. Mtaalamu wa misitu hupita kwanza na kuiwekea alama miti itakayotoka: iliyopinda, iliyovunjika kilele, yenye ugonjwa, iliyozidiwa na majirani zake, na mingine ambayo ni mizuri lakini imesongamana mno. Ndiyo maana mwananchi anaona mti mzima ukianguka na mwingine kuachwa. Kazi hii hufanyika mara moja au zaidi kabla ya shamba kufikia umri wa kuvunwa.

Hatua ya nne ni kusafisha njia za moto, ambazo ni vipande virefu vya ardhi vilivyoachwa bila miti baina ya vitalu na kando ya mpaka. Njia hizo hulimwa au kufyekwa kila mwaka kabla ya kiangazi. Njia iliyojaa nyasi kavu haizuii moto, huupa barabara.

Yanayoweza kwenda kombo

Wananchi wanaoitilia shaka kazi hii wana hoja ambazo hazipaswi kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni mabaki. Mti uliopunguzwa huacha matawi na vilele chini. Yakiachwa yakauke hapo hapo, shamba hilo huwa hatari zaidi kuliko lilivyokuwa kabla ya kukatwa, kwa kuwa kile kilichokuwa juu kikiwa kibichi sasa kiko chini kikiwa kikavu. Kazi ya kupunguzia haijakamilika hadi mabaki yaondolewe, yakusanywe mbali na miti iliyobaki, au yakatwekatwe na kusambazwa yashikane na udongo yaoze haraka. Mwananchi akiona malundo ya matawi makavu yamesahaulika kando ya mpaka, ana kila sababu ya kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au afisa misitu.

Hoja ya pili ni jua. Miti ikipunguzwa, mwanga na upepo huingia hadi chini, na nyasi huota kwa nguvu. Msimu wa kwanza zinapendeza. Msimu wa pili zikikauka zinaungua. Kwa hiyo eneo lililopunguziwa linahitaji kufyekwa mara kwa mara, na halifai kuachwa kwa miaka kadhaa kana kwamba kazi imekwisha.

Hoja ya tatu ni udanganyifu. Mtu asiye na kibali anaweza kuingia msituni na kukata anachokitaka, akidai anapunguzia miti kwa ajili ya moto. Kazi halali hutambulika kwa urahisi. Miti ya kukatwa imewekewa alama kabla, msimamizi yupo, inayokatwa ni ile dhaifu na iliyosongamana badala ya ile minene yenye bei, na magogo yanayotoka husafirishwa kwa hati. Palipo na gogo kubwa la mti wa asili, hakuna maelezo ya kupunguzia yanayokubalika.

Msitu wa asili haupunguziwi

Hapa ndipo penye kosa ambalo lingekuwa ghali kuliko yote. Mwananchi anaweza kufikiri kwamba ikiwa kupunguza miti kunasaidia kwenye misindano, basi kungesaidia pia kwenye msitu wa asili ulio juu yake. Ukweli ni kinyume. Msitu wa asili wenye afya hujilinda kwa unyevu. Kivuli chake kizito huzuia jua lisikaushe ardhi, miti yake ya rika mbalimbali huvunja upepo, na kuvumwani na majani yanayooza hubaki na maji. Ukifungua paa lake, jua na upepo vitaingia, nyasi na vichaka vitachukua nafasi, na mahali ambapo moto ulikuwa ukijifia utaweza sasa kupita.

Historia ya mpaka huu inafaa kukumbukwa. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wenye upana wa takriban nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu, ili wakazi wa mlimani wapate humo kuni, mbao na majani ya mifugo bila kuugusa msitu wa asili. Wazee bado wanauita Nusu Maili. Mwaka 2005 msitu uliokuwa umehifadhiwa uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, na tangu hapo shughuli za kibinadamu ndani yake zinafuata masharti ya hifadhi. Wazo lililouanzisha ukanda ule bado lina maana hata leo: mahitaji ya watu yatoke kwenye miti ya kupandwa, ili msitu wa maji ubaki mzima.

Kuni na majani ya ng'ombe

Kwa kaya nyingi jambo hili si la nadharia. Mama anayetembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na mfugaji wa ng'ombe wa ndani anayehitaji mzigo wa majani kila siku, ndio wanaoufahamu mpaka wa msitu kuliko wengine wote. Kazi yao ina uhusiano wa moja kwa moja na moto. Kila mzigo wa matawi makavu unaotolewa kwa utaratibu kwenye shamba la miti ni chakula cha moto kilichoondolewa. Kila tita la nyasi linalokatwa kando ya njia ya moto huifanya njia hiyo ifanye kazi yake.

Kwa sababu hiyo wananchi wanashauriwa wasisubiri kukamatwa ndipo waulize utaratibu. Kijiji kinaweza, kupitia kamati yake ya maliasili na mazingira, kuwaandikia wasimamizi wa shamba la miti kuomba ratiba ya kuokota mabaki ya upunguziaji na kukata majani katika vitalu vilivyoruhusiwa. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kazi kuanza, ili mabaki yasikae miezi mingi yakikauka huku majirani zake hawana kuni. Aidha, wanaosafirisha nguzo, magogo au mkaa kutoka kijijini wanakumbushwa kuwa mazao ya misitu husafirishwa kwa kibali.

Kihamba kama kinga

Ulinzi wa nyumba dhidi ya moto huanzia nyumbani, na hapa wenyeji wa mlima wana urithi mzuri. Kihamba kilichotunzwa, chenye migomba, kahawa, magimbi na mboga chini yake, hakishiki moto kwa urahisi. Mashina ya migomba yamejaa maji, na kivuli chake huiweka ardhi katika unyevu. Mstari wa masale unaotenganisha kihamba na kihamba hubaki kibichi hata kiangazi. Kihamba cha namna hiyo kilicho baina ya msitu na nyumba ni kizuizi cha moto kisichohitaji bajeti.

Urithi huo hupungua nguvu pale migomba inapong'olewa na nafasi yake kuchukuliwa na mikaratusi au misaiprasi iliyobanana hadi ukutani. Majani ya mikaratusi yana mafuta, na magome yake yanayobanduka huning'inia kama tambi za taa. Yakishika moto, upepo huyabeba mbali. Miti hiyo ina faida zake za nguzo na kuni, lakini mahali pake si pembeni ya jiko wala nyuma ya zizi. Kwa kaya ambazo tayari zinayo, mambo yafuatayo yatapunguza hatari:

1. Eneo la angalau hatua 10 kuzunguka nyumba lisiwe na nyasi kavu, mabua, marundo ya kuni wala magome yaliyodondoka. Kuni zihifadhiwe kando, mbali na ukuta wa mbao.

2. Matawi ya chini ya miti mikubwa yapogolewe hadi kimo cha mtu au zaidi, na vichaka vilivyo chini yake viondolewe. Mti na kichaka vikigusana, kimoja kiende.

3. Matawi yanayoning'inia juu ya paa yakatwe, na majani makavu yaliyojaa kwenye mifereji ya maji ya mvua yasafishwe. Cheche moja iliyotua humo yatosha kuunguza nyumba.

4. Mstari wa miti uliobanana upunguziwe kwa kuanza na miti dhaifu na iliyokufa, na mabaki yake yatumike au yaondolewe wiki hiyo hiyo.

5. Paa la nyasi la banda au jiko litazamwe kwa uangalifu wa pekee, na pipa au ndoo za maji zisikose karibu nalo wakati wa kiangazi.

Wakati mzuri wa kufanya usafi huu ni mara baada ya masika, mwezi Juni, kabla ya kiangazi kirefu kukaza. Urudiwe mwezi Desemba au mwanzoni mwa Januari, kabla ya joto kali la Januari na Februari. Mkazi anayetaka kukata mti, hata ulio kwenye shamba lake mwenyewe, aulize kwanza ofisi ya mtendaji wa kata au afisa misitu wa wilaya iwapo kibali kinahitajika.

Kuchoma shamba

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuchoma uoto nje ya eneo la makazi bila kibali cha mamlaka husika. Kibali hicho hakikuwekwa ili kumsumbua mkulima. Kinampa fursa ya kuulizwa maswali ambayo angejiuliza mwenyewe kama asingekuwa na haraka: Je, mpaka wa shamba umelimwa pande zote? Majirani wamearifiwa? Watu wa kusaidia wapo? Upepo ukoje? Nani atabaki hadi jivu la mwisho lipoe?

Njia iliyo salama zaidi ni kutochoma kabisa. Mabua na magugu yanaweza kulishwa mifugo, kufukiwa, kutandazwa shambani kuhifadhi unyevu, au kurundikwa na samadi yageuke mboji. Udongo wa mteremko unaoachwa mtupu baada ya kuchomwa ndio ule ule unaosombwa na mvua ya kwanza.

Moto ukionekana

Anayeuona moto msituni au mpakani apige simu ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, kisha amjulishe mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Aeleze mahali moto ulipo kwa alama inayojulikana, unaelekea wapi, na kama kuna nyumba karibu. Wazee, watoto, wagonjwa na watu wenye ulemavu waondolewe mapema, na mifugo ifunguliwe zizini.

Wanaokwenda kusaidia wasiende mmoja mmoja wala bila kiongozi. Wasisimame mteremkoni juu ya moto unaopanda. Wafahamu kabla ya kuanza ni wapi watakimbilia: shamba lililolimwa, barabara pana, au eneo ambalo tayari limeungua na kupoa. Moto ukishapanda vileleni, kazi ya mwananchi ni kuokoa watu, na kuuacha moto wenyewe kwa wenye vifaa na mafunzo. Baada ya kuzimwa, eneo lilindwe usiku kucha, kwani magogo na mizizi huendelea kufukuta chini kwa chini na kuwaka upya upepo ukivuma.

Mwananchi aliyesimama kando ya Shamba la Miti Rongai akijiuliza kwa nini mti mzima unaangushwa, sasa anaweza kutazama mambo mengine matatu: kama mti huo ulikuwa umewekewa alama, kama matawi yake yanaondolewa, na kama msitu wa asili ulio juu umeachwa bila kuguswa. Akiona yote matatu yametimia, kazi hiyo inamlinda yeye na maji anayokunywa. Akiona moja limekosekana, asikae kimya. Atoe taarifa ofisi ya kijiji au kata siku hiyo hiyo, kabla kiangazi hakijafika.